Swali la Tisa

Alhamisi ndiyo siku yetu, Newala,
chumba cha mwisho, jirani na stoo ya vyandarua,
mlango usio na kibao,
maana kilipoandikwa AKILI
watu walikipita wakitazama ukuta.

Somoe Likwena ameingia na daftari lake.
Kichwa. Kichwa. Tumbo linachoma. Moyo kwenda mbio.
Mara nne kapimwa malaria, mara nne hakuna,
mara tatu kapewa mseto hivyo hivyo,
kwani mtu aliyetoka Mnyambe kwa nauli ya kukopa
utamrudishaje mikono mitupu?

Nimepima damu: inatosha.
Nimepapasa shingo, natafuta tezi: haipo.
Presha ya msichana.
Basi nimevuta kiti, nikahamia upande wake wa meza.

Nina fomu. Maswali tisa,
yamekuja na Kiswahili kilichovaa tai:
katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu —
"Hamu ya nini?"
Ya chochote, namwambia.
Akacheka kidogo, kwa pua.
"Korosho zinadondoka, mwanangu, nami nazitazama.
Zinadondoka. Nazitazama."
Nimeandika tatu.

Usingizi?
Saa tisa za usiku yu macho,
anasikiliza ndoo za majirani zikienda kupanga foleni bombani.
Chakula?
Ugali una ladha ya karatasi.
Kujiona hufai?
Hapo amelishika pindo la kanga,
amelikunja, amelikunja tena,
hadi likawa dogo kama kidonge.
Tatu. Naandika kwa penseli, kwa makusudi.

Swali la tisa haliulizwi huku unaandika.
Penseli nimeilaza.
Somoe, umewahi kuona heri usingekuwapo?
Fomu inataka: hapana; siku kadhaa;
zaidi ya nusu ya siku; karibu kila siku.
Akasema,
"Mara moja tu.
Lakini haijaisha."

Kisanduku cha jibu hilo hakikuchorwa.

Dawa ya mikorosho iliyobaki inakaa wapi?
"Chini ya kitanda, isiibwe."
Nimempigia wifi yake, Asumini:
kaichukue leo, chupa zote, fungia kwako,
ufunguo shingoni. Leo ulale naye.
Na usimuulize kwa nini.

"Nimerogwa?"
Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nabishana,
na niliobishana nao hawakurudi.
Sasa nasema: hilo sina kipimo chake.
Nililo nalo linaitwa sonona.
Amelirudia neno, akalionja.
"Kusononeka nakujua.
Sikujua kama kuna dawa."

Kapsuli kumi na nne. Moja asubuhi, baada ya uji.
Wiki ya kwanza zitakupa kichefuchefu, basi.
Wiki ya pili utasema yule nesi kanidanganya.
Njoo uniambie vivyo hivyo, usoni.
Na usiku ukikuzidi, usisubiri Alhamisi.

Tarehe hazisomi.
Akafungua fundo la kanga, korosho ghafi,
akazipanga kumi na nne juu ya fomu yangu:
kila asubuhi moja itaingia koponi,
zikiisha mkononi, safari.

Amekuja. Amekuja tena. Mara ya pili alinitukana kidogo,
nikafurahi.

Leo ni wiki ya sita.
La tisa tumeanza nalo.
Bado lipo, anasema, ila limetoka chumbani,
limekaa uani, na Asumini analijua.
Ufunguo ubaki shingoni, nimesema. Akaitikia.

Kisha nikahesabu kopo: kumi na moja.
Tatu umeruka?
"Dawa nimemeza zote. Korosho tatu nilizibangua,
nikazikaanga."
Zilikuwaje?
Akafikiri muda mrefu, kama mtu aliyeulizwa habari za nchi
aliyowahi kuishi.
"Chumvi ilizidi."

Nikageuza penseli,
upande wa kifutio.