Saba, na Mmoja Chini

Umbat yu juu ya jiwe tangu saa tatu,
suruali imelowa, ruba wawili kifundoni,
penseli kaifunga uzi shingoni
isiende na maji kama ile ya jana.

Mkono huu ulishika msumeno wa injini miaka kumi na moja.
Miti aliyoiangusha hakuihesabu.
Leo analipwa kuhesabu wadudu.

Kereng'ende wa kijito hiki haruki ovyo.
Hungoja jua lipate tundu kwenye majani,
lidondoke kama sarafu mwambani,
ndipo dume afunue bawa:
shaba, kisha buluu, kisha si kitu,
kijiti cheusi tu.

Mmoja. Wawili. Huyu nimemwandika?
Huyu nimemwandika.

Jike anashuka kinyumenyume kwenye ufito,
maji kiunoni, maji mabegani,
yanamfunika kimya.
Amezama na koti lake la hewa, lang'aa kama fedha,
akatage ndani ya shina linalooza.

Dume anazunguka, anatua, anazunguka.

Dakika kumi na mbili.
Ng'ambo ya kilima lori linabadili gia;
Umbat anamjua hata dereva, mtoto wa shemeji yake.
Kesho mto utakuwa chai ya maziwa.

Fomu kutoka Kuching ina safu moja: IDADI.
Haina pa kumwandika aliyezama.

Dakika ishirini. Wingu laichukua sarafu.
Dume haondoki.
Umbat analamba ncha ya penseli,
anaandika pembeni, nje ya mstari:
saba,
na mmoja chini.