Pengo la Unene wa Kucha

Kwata. Kwata-kwata. Kwata.
Katuba nzima ilinijua kabla hawajaniona:
viti mia na ishirini vya plastiki,
mahema mawili, sufuria za bukari,
vyote juu ya trela ya magurudumu mawili
nyuma ya pikapu ya baba mdogo.

Harusini haikuwa neno.
Watoto waliudaka mdundo, wakaucheza getini,
na bibi harusi, ndani, kichwa kikisukwa,
akajua viti vimefika.

Kilio si harusi.

Alhamisi ile, kwa Mama Numbi,
mwili ndio kwanza umetoka mochari,
watu wamenyamaza kimya kile
ambacho hata mbwa hukiheshimu.
Nikakata kona.
Kwata.
Nikapunguza mwendo. Kwata.
Nikapunguza tena, ikawa mbaya zaidi,
maana gari likitambaa, chuma hupata nafasi ya kusema.
Vichwa vyote vikageuka. Hakuna aliyenilaumu.
Heri wangenilaumu.

Si kwamba sikuwa nimejaribu.
Nilifunga tambara la kitenge; lilitafunwa kabla sijafika Kasapa.
Nilipaka grisi, kwa huruma, kama mtu anayemkanda mgonjwa:
siku mbili kimya, ya tatu ikarudi
imeshiba vumbi jekundu,
sasa inasaga na kusema kwa pamoja.
Kipande cha tairi nilikigongomea kwa nyundo.
Kilinitoroka barabara ya Kasenga,
sijui sasa kinamtulizia nani kelele.

Mwilambwe wa Ruashi hakushika spana.
Aliishika trela shingo, akaitikisa,
akainamisha sikio.
"Hili tufe unalionea.
Unalilaumu kwa sababu linaonekana.
Tazama huku, mkono unapoingia kwenye kasha lake.
Pini imelika. Tundu lilikuwa duara, limekuwa yai.
Ukivuta, chuma kinakwenda mbele;
ukikanyaga breki, kinarudi.
Pengo lenyewe hili."
Akaingiza ukucha wa kidole gumba. Ukatosha.

Unene wa kucha!
Nami nilikuwa nahesabu pesa za trela nyingine.

Akachomoa bati la shaba nyekundu
kwenye debe la vitu visivyo na jina,
akalinyoosha kwa nyundo juu ya kipande cha reli,
ting, ting, sauti ya mji huu kabla sijazaliwa.
"Chuma kwa chuma hawasikilizani.
Shaba laini. Itakubali kuumia kidogo."
Akaipenyeza, mbavu ya kushoto, mbavu ya juu.
Pini mpya. Bolti iliyopindwa kama kwato,
sahani chini yake, nati mbili,
akakaza mpaka mshipa wa shingo ukasimama.
"Wiki ijayo ukaze tena.
Usije kuniambia ulisahau."

Nikaondoka.
Reli nilivuka, sikusikia.
Mashimo ya Kampemba, sikusikia.
Nikasikia viti vikinong'onezana,
turubai likipiga makofi peke yake,
na beringi ya gurudumu la kushoto, ah,
nayo kumbe ililalamika muda wote
ila haikuwa ikipewa zamu.

Wiki ya sita wakaniita tena kwa Mama Numbi,
kuondoa matanga.
Nikaingia uani taratibu kama maji kwenye mchanga.
Nilikuwa nimeshashusha viti thelathini
alipotokea mlangoni, ungo mkononi.

"Wee, umefika saa ngapi? Sikukusikia."

Nikamwambia, kwa fahari kidogo, habari ya bati,
habari ya bolti, na pole kwa siku ile.

Akapepeta mara moja, mara mbili.
"Siku ile," akasema,
"nilikuwa nimekaa chini, nikawaza,
nani atakuja? Sisi si watu wa hapa.
Nikasikia viti vyako tangu kule barabarani,
vinakuja, vinakuja, vingi.
Nikajua kuna mtu anaamini
watu watajaa."

Sikuwa na jibu. Nikapanga viti,
safu kumi, kisha nikaongeza mbili.
Jioni nililala chini ya trela, spana mkononi.
Nati ilikuwa imelegea nusu mzunguko.

Nikaishika.
Nikaishika hivyo kwa muda.