Kidonge Kisichoazimwa

Aliyekiita kipandauso hakukosea.
Kinapanda kama nyumba za Mabatini zinavyopanda mawe,
hakiombi ngazi wala hakimuulizi mwenye kiwanja.
Kinaanzia shingoni, kinapita nyuma ya sikio,
kikifika juu ya jicho la kushoto
kinachimba msingi.

Ziwa ndilo hunipa taarifa.
Niko dirishani kiwandani Igogo, maji yanameta vipande vipande,
mara vipande vinaingia ndani,
vinatua juu ya namba za mizani yangu,
nami sijui tena kama sangara huyu ana kilo sita
au tisa.

Mwaka ule nilikuwa mteja wa kila duka.
Vidonge vya rejareja, vimefungwa kwenye gazeti la juzi:
viwili asubuhi,
viwili mchana kabla ya zamu ya barafu,
viwili vya kulala navyo.
Nikiongeza, nacho kinaongeza.
Mwezi ukawa wote kichwa.

Dokta Kokubanza, kule juu Bugando,
hakuuliza kwanza kinauma vipi.
Aliuliza: unameza siku ngapi?
Nikahesabu vidole vya mikono,
nikavua viatu.
Akasema, hii dawa imegeuka mwenye nyumba,
unailipa kodi ili ikuache ulale.

Akanifunga ule mkanda mkononi, akaupuliza.
Akauliza moyo. Akauliza mimba.
Akauliza habari za mjomba Lugembe
aliyeanguka upande mmoja akiwa bado kijana.
Ndipo akaandika, kwa mwandiko ambao, ajabu, unasomeka:
kimoja, maumivu yanapoanza;
cha pili baada ya saa mbili,
ikiwa tu cha kwanza kilisaidia na maumivu yakarudi;
si zaidi ya siku mbili kwa juma.
Na daftari.

Kuacha vile vya gazeti sitakusimulia.
Majuma mawili na kitenge kibichi usoni,
madumu ya jirani yakigongana bombani
kama yanagongana ndani yangu.
Halafu asubuhi moja nikasikia chai inachemka
na ikawa ni chai tu.

Sasa Mbuke.
Jumanne, mvua, tumevaa mabuti meupe,
akanishika kiwiko: Nipe kimoja tu, dada, si unavyo?
Na kweli ninavyo, ndani ya kipochi, chini ya aproni.
Kwetu mtu haombwi chumvi akasema imeisha
huku kopo liko mezani.
Lakini presha yake naijua,
ilisomwa kwa sauti siku ile wauguzi walipokuja kiwandani,
tukacheka wote, na yeye akacheka.
Nikasema: Hiki kimeandikwa jina langu.
Akanitazama kama samaki aliyekataliwa na mizani.
Wachoyo wa sukari nimewaona, akasema,
mchoyo wa maumivu ndiye wewe wa kwanza.

Siku nzima alinipitishia kreti bila neno.
Mimi nikaandika kilo,
mkono ukitetemeka kidogo, si kwa baridi.
Jioni nikamwambia mgongo wake:
kliniki inafunguliwa saa mbili, nitakusindikiza.
Mgongo haukujibu.

Alhamisi hakuja.
Ijumaa alikuja na bahasha ya kahawia
yenye jina lake, na umri aliokuwa akitudanganya.
Hakuniambia kitu.
Aliiweka pembeni ya mizani,
pale pale ambapo nisingeweza kutoiona,
akavaa glavu.

Daftarini, usiku huu:
Ijumaa. Saa kumi na dakika tano. Kimoja.
Siku ya pili ya juma hili.
Kesho kikipanda tena
nitakuwa na pazia, maji, na mlango uliofungwa.
Kipochi nitakiacha kabatini,
nami nitajua kiko kabatini,
na hilo nalo
ni la kumeza.