Skrubu ya Kumi na Mbili

Mimi ndiye niliyeyafunga.
Usiku wa Novemba, karakanani mjini Łódź,
chai imepoa juu ya sanduku la vyuma,
nikapita behewa lote na bisibisi:
dirisha moja, skrubu mbili.
Madirisha sita.
Amri ilishuka kwa karatasi yenye muhuri:
viyoyozi vipya vimefungwa, dirisha likiachwa wazi
hewa iliyolipiwa inavuja.
Nilicheka kidogo hapo kwenye *iliyolipiwa*.
Kisha nikakaza,
na kila skrubu nikaimalizia taratibu, mpasuo wake ulale
kama upeo wa macho. Ndivyo baba alivyonifunza.

Viyoyozi vilikufa wiki ya pili ya Januari.
Kipuri kiko njiani, walisema.
Skrubu zikabaki.

Basi panda nami tramu ya kwanza ya alfajiri.
Nje theluji imekuwa uji wa kijivu.
Ndani makoti yanafuka mvuke,
mbwa aliyelowa, kitunguu saumu, dawa ya kikohozi,
manukato ya mtu anayekwenda kazini kwa shingo upande.
Vioo vinatoka jasho. Mtoto amechora paka kwa kidole
na paka anayeyuka, akianzia mkiani.
Viti tunagombania.
Pumzi tunapokezana bila kuombana:
wewe unavuta nilichokiacha,
unakitumia, unampa wa tatu,
naye anapiga miayo.

Kijana Kajetan ana kijisanduku cha kupimia hewa,
kakining'iniza begani kama birika ndogo.
Elfu tatu mia moja na arobaini.
"Huko nje ni mia nne na kitu," akaniambia,
akidhani mimi ni abiria tu.
Nikatazama buti zangu.

Na kiti cha nne, mama yangu, Bogumiła.
Miaka ishirini na saba kwenye kiwanda cha nyuzi.
Kule nako madirisha hayakufunguliwa:
uzi wa pamba ukikauka hukatika,
kwa hiyo ukumbi ulinyunyiziwa maji, ukafungwa,
ukawa na joto la ndani ya kinywa,
na wasichana wakameza vumbi jeupe
ili uzi usikatike.
Walikiita kikohozi cha Jumatatu.
Chake siku hizi hufika hadi Jumapili.

Akainuka. Akashika mpini. Akavuta.
"Bibi wee, upepo huo utatukaza shingo!"
alilalama mzee mwenye kofia ya sufu.
Akavuta tena. Wapi!
Akainama, akakiona kichwa cha skrubu,
akakipapasa kwa kidole
kama mtu anayeutambua mwandiko.
Akapapasa na cha pili.
"Fundi huyu nadhifu," akasema, hakumwambia mtu.
"Kazilaza zote."

Makabati ya jikoni kwetu, bawaba za mlango,
kitanda alichofia baba:
skrubu zote zimelala hivyo.

Hakugeuka nilikosimama.
Aliketi, akakohoa ndani ya glavu,
vituo vitano.

Usiku ule sikubeba karatasi yoyote.
Skrubu ya kumi na moja niliitoa; ninayo mfukoni,
inatoboa kitambaa.
Ya kumi na mbili nimeiacha mahali pake,
mpasuo umelala, msimamizi akipita ataridhika.
Lakini imeshika kwa nusu mzunguko tu.
Kucha inatosha. Hata kucha ya kizee.

Sikumwambia.

Jioni ya pili tramu iliporudi kulala
nilikuta kiti cha nne kina theluji, unene wa kidole,
hakuna aliyekikalia,
na kwenye kioo cha jirani paka mwingine,
mkavu,
ana mkia.