Vidole Viwili vya Udongo

Mawe haya niliyapanga mwenyewe
mwaka ule mto Miño ulipoingia jikoni kwa watu:
itale ya kijivu, vipande thelathini na saba,
na kati ya kipande na kipande
pengo la vidole viwili.
Jiwe nalo hupumua, niliwaambia wateja.
Ukweli ni kwamba saruji iliniishia.

Ua wetu hauoni jua.
Asubuhi ghorofa la Casilda limelikalia,
na jioni, likitaka kuchungulia,
linaukuta ukuta wa kanisa umesimama mlangoni.
Huku Galisia mvua tumeipa majina mengi;
ya uani kwetu ni ile nyembamba
isiyopiga bati, inayokaa tu
kama mgeni asiyejua kuaga.

Basi mapengo yakajijazia yalichotaka:
kuvu, konokono, vifuniko vya chupa,
hereni moja ya Erundina
tuliyoitafuta hadi ndani ya godoro.

Mwezi wa pili nikaenda sokoni Lugo
kwa Iria, muuza miche.
Nataka kinachotambaa, nikamwambia,
kisichozidi kifundo cha mguu,
kisichozidi ukucha, ikiwezekana.
Kivuli kitupu. Na kitakanyagwa.
Na nani? akauliza.
Nikajifanya natafuta pochi.

Nilianza na zaatari, kwa ukaidi.
Iria alinionya: huo ni mtoto wa jua.
Ikarefusha shingo kutafuta mwanga, ikapauka,
ikafa kabla ya Pentekoste, bila ugomvi.

Kisha ule wa majani kama punje za uwele
wanaouita machozi ya malaika.
Huo ulikipenda kivuli kupita kiasi.
Kufikia mwezi wa saba umeziba mapengo, umefunika mawe,
umepita chini ya lango kumsalimia Casilda,
na ukilowa unateleza kama kambare.
Nilianguka mimi, mwenye macho.
Siku mbili nikaung'oa, magotini,
nikiwataja watakatifu kwa namna wasiyoizoea,
na bado unachungulia nyuma ya bomba.

Hapo nimesema: mwenye macho.
Erundina ana presha ya macho.
Jicho la kushoto lilizimika mwaka jana,
la kulia linaitazama dunia kupitia tundu la ufunguo.
Fimbo hataki. Mkono wangu hataki.
"Niambie tu mawe yanaishia wapi," anasema,
nami miaka arobaini nimesawazisha mawe
ili mguu usijue unapita juu ya nini.

Trei ya tatu Iria aliitoa chini ya meza:
mnanaa wa Korsika,
mfupi kuliko nywele za kuruta.
"Mvivu wa kukua," akasema,
"na sakitu ikiuchapa, unakimbia.
Lakini hebu ukanyage."
Nikaukanyaga.
Hata muuza samaki aligeuka.

Sikuupanda kila mahali.
Hapa ndipo nilipotumia akili,
ile kidogo iliyobaki baada ya tindo na nyundo.
Toka mlango wa jikoni hadi jiwe la nane
kuvu nimeiacha ndani ya mapengo yake;
haina harufu, maana yake: nenda.
Mbele ya ngazi mbili za kushukia kwenye kamba ya nguo,
mnanaa, mstari mmoja mnene.
Kwenye kona ya tangi,
mnanaa tena, mistari miwili.

Jumapili akatoka peke yake na kapu la nguo.
Nikasimama dirishani, kikombe mkononi,
kahawa ikipoa bila mtu.
Jiwe la saba. La nane. La tisa.
Kisigino kikagusa kijani.
Akasimama. Akainua pua.
Akashuka: moja, mbili.
Akatundika shuka, soksi zangu, taulo la Bravo mbwa,
akaizunguka kona ya tangi polepole,
akirudisha mguu, akiupeleka, akiurudisha.

Kisha, bila kugeuka,
kwa sauti ya kusikika hadi kwa Casilda:
"Amaro! Mstari wa huku umeupinda."

Ni kweli.
Niliupima kwa macho.