Tawi la Jikoni

Limbani, Wete, saa nne ya asubuhi.
Ofisini wamenambia: nyumba ya buluu, mlango wa nne toka msikitini,
simu ya mezani, waya wa zamani,
mwenyewe Bi Mize Shaame, anataka intaneti.
Ngazi nimeazima kwa muuza mikate.

Waya uko hai. Nauheshimu waya huu:
nyuzi mbili za shaba, nyembamba kuliko ukindu,
zimesokotana toka kisanduku cha njia panda,
zikavuka mapaa matatu na mfenesi.
Masika, kunguru, wezi wa shaba, wote hawakuziweza.
"Mita mia sita," nasema. "Kasi itatosha."
Mjukuu keshafungua kompyuta, anasubiri somo.

Kasi haikutosha.
Kipimo kinapanda, kinajikwaa, kinashuka,
kama mtu aliyeitwa nyuma, hajui na nani.

Nikaingia darini, tochi mdomoni.
Juu ya boriti nikakiona kiungo:
misokoto mitatu ya mkono, imefungwa kwa mpira wa baiskeli,
na waya wa pili unateremka ukutani
hadi jikoni, nyuma ya kabati la vyombo,
unaishia kwenye msumari.
Simu hamna.

"Hilo alilitia marehemu," akasema Bi Mize toka chini.
"Nasonga ugali, simu inalia ukumbini,
nikifika imekatika. Makame akanambia:
wewe usikimbie, simu itakufuata.
Mwaka ule watoto wawili walikuwa Maskati."

Nikamweleza, kwa shida:
maneno ya mtu hayajali tawi,
lakini intaneti ina pupa, ikifika hapa inagawika,
nusu inashika njia ya jikoni,
inaukuta msumari, inarudi mwangwi,
inamvuruga mwenziwe aliye njiani.
"Bibi, lazima nikate."

Chai ikachemka mpaka ikamwagika.

"Kumbe miaka yote hii," akasema,
"kila anayepiga, nusu yake inakwenda jikoni?"
"Ndiyo."
"Halafu anarudi."
"Inarudi, bibi. Ndiyo."

Koleo, mlio mmoja mdogo.
Kipimo kikapanda, kikatulia:
megabiti ishirini na mbili. Mjukuu akapiga kofi,
uso wa mwalimu ukakaa sawa kiooni.

Niliposhuka, kiganja cha Bi Mize kilikuwa wazi.
Nikamwekea kile kipande:
shaba imeota kijani, mpira umekakamaa,
misokoto mitatu.

Kwenye fomu, palipoandikwa *vifaa vilivyorejeshwa ofisini*,
nikapiga mstari.