Mahali pa Chekeamwezi

Neno la kwanza aliloniambia Edna lilikuwa "kaya".
Nikageuka kutafuta nyumba;
kumbe ananisalimu.
Nilikuwa nimepiga goti, namvisha soksi,
mwezi wa saba, baridi ya huku ikitafuna vioo,
na nje ngano changa na uzio, uzio na ngano,
hadi jicho lichoke.

Kila Jumatano huja wenyewe wa nchi:
Coralie, dereva wa lori la nafaka,
Leroy, fundi wa vibao vya barabara,
na mwanawe Jaxon, mfuko wa chipsi mkononi.
Hutandaza ramani kitandani kwa Edna kama shuka la pili,
na miguu yake chini yake
ikawa vilima.

Majina ya huku mengi huishia na *up*.
Mpima ardhi aliyaandika kwa sikio moja,
farasi akimvuta aende,
na tangu hapo watu wameyatamka
kama wanavyotamka namba za nyumba.
"*Up* ni mahali pa," akasema Coralie.
Nikatabasamu peke yangu na beseni langu:
mto, mtoni. Jiwe, jiweni.
Kumbe nao
hufunga mahali kwa fundo dogo
mwishoni mwa neno.

Kojonup, pa mashoka ya mawe.
Wagin, kwa fundo jingine, pa emu.
Kisha wakafika Wirlup.
Kipeperushi cha watalii kilisema: maji matulivu.
Coralie alikwisha kulipenda hilo,
alikwisha kulishona kwenye mto wa kochi.
Edna akacheka hadi meno ya bandia yakatikisika.
"Nani kawadanganya? *Wirlo!*"
Akainua shingo, akalia,
kilio kirefu, chembamba,
cha mtoto aliyesahauliwa nje.
Muuguzi wa zamu akaja mbio.

Chekeamwezi, nikawaza.
Ndege wa macho makubwa na miguu ya kuazima,
mchana jani kavu, usiku sauti.

Misheni walimwosha kinywa kwa sabuni
kwa maneno kama hilo.
Alikuwa na miaka sita. Akalimeza pamoja na povu.
Miaka sabini na minane limekaa humo,
halikuoza.

Jumamosi tukaenda.
Bwawa la kondoo, bomba lililopasuka,
chumvi ikipanda udongoni kama ukungu wa mkate.
Ndege hakuna.
Mbweha walioshushwa melini
walimaliza mayai, wakamaliza na waliotaga.
Leroy akasimama na kibao, nyundo ikining'inia.
"Tuandike nini? Mahali pa asiyekuwepo?"
"Ndiyo," akasema Coralie. "Hivyo hivyo.
Aliyeondoka, kiti chake hakikunjwi."

Edna, kwenye kiti cha magurudumu, blanketi hadi kidevuni,
akalitaja jina polepole,
kwanza kwa ardhi,
kisha kwetu.
Tukarudia. Ulimi wangu ukajikwaa.
Akanirudisha.
Nikajikwaa tena, akanirudisha tena,
bila huruma, bila hasira,
kama mtu anayefunga kifungo cha shati la mwingine.

Nyundo ikalia mara saba.
Hakuna aliyetoa hotuba.
Kondoo mmoja alisogea, akakinusa kibao,
akaendelea na nyasi zake.

Njiani kurudi, giza,
Jaxon akapekua nyuma ya kiti,
akakuta mfuko mtupu wa wiki iliyopita.
"Hapa ni Chipsup!" akapiga kelele.
Gari zima likacheka, Leroy akakosa njia panda.
Edna peke yake hakucheka.
Alimtazama mtoto ndani ya kioo,
kwa muda mrefu, midomo ikipima.

"Lafudhi mbaya," akasema.
"Lakini sarufi ni sawa."